Zoezi la Saba

Darasa letu zamani lilikuwa la useremala.
Harufu ya mninga bado imo ukutani,
na meza ya Sajini mstaafu Gwassa ina makovu ya msumeno.
Tuko ishirini na wawili, kozi ya ulinzi, miezi sita,
jioni, Jumatatu hadi Alhamisi;
wengine wakitoka kulinda maghala ya tumbaku,
mimi nikitoka kupepeta mpunga wa watu, Kiloleni.

Wiki ya kwanza tulijifunza kukamata.
Shija, mrina asali wa Sikonge, ndiye mtuhumiwa wetu kila siku,
kwa kuwa ana mikono mirefu na haoni haya.
"Mguse begani. Mwambie wewe ni nani.
Mwambie kosa lake. Usimtukanie mama."
Tukacheka. Gwassa hakucheka.
"Pingu si adhabu," akasema.
"Mtu huyu, mpaka hakimu aseme, ni kama wewe."
Nikaiandika. Nikaipigia mstari.
Kalamu ikatoboa karatasi.

Zoezi la saba: andika maelezo ya tukio
uliloliona kwa macho yako, si la kusikia.
Kurasa zisizidi nne.
Wenzangu waliandika ajali ya bodaboda Chemchem,
kuku wa jirani, ugomvi wa kilabuni.

Mimi, Nyamizi binti Kapela, miaka thelathini na mmoja, mkulima,
naeleza kama ifuatavyo:

Kwamba nilikuwa na miaka tisa.
Kwamba mwano ulipigwa usiku, upande wa mbugani,
na wanaume wote wakatoka na fimbo,
hata waliokuwa na homa.
Kwamba ng'ombe watatu walikuwa wamepotea.
Kwamba walimleta mtu aitwaye Kasubi, fundi baiskeli,
aliyekutwa njiani, akitembea.
Mwanga? Mbalamwezi, ile ya kuhesabia karanga.
Umbali? Kama kutoka dawati langu hadi ubaoni.
Kizuizi chochote mbele ya macho?
Khanga ya mama. Alinifunika nayo. Ilikuwa na tundu.
Kwamba walimpiga.
Kwamba alitaja jina la Mungu, kisha la mkewe,
kisha hakutaja majina tena.
Kwamba ng'ombe walirudi wenyewe kabla ya jua,
matumbo yamejaa mtama wa watu.
Kwamba kwa ng'ombe hao hakuna aliyepiga mwano.

Kasubi yu hai. Anaziba pancha karibu na lango la chuo.
Mguu wake wa kushoto huandika mkato mchangani
kila baada ya hatua,
kama sentensi inayokataa kufika mwisho.
"Mwadila, afande," hunisalimu,
na upepo wa tairi zangu hanitozi.
Sijui kama ananijua mimi ni wa nani.
Sijawahi kumuuliza. Hilo halikufundishwa.

Alhamisi Gwassa alirudisha madaftari.
Wino mwekundu, mwandiko wa kituoni, umelalia kulia:
"Maelezo mazuri. Saa ipo, mahali papo, mwanga upo.
Lakini umeandika 'walimpiga'.
Huyo 'wa-' hana sura, hana mkono, hapandi kizimbani.
Nani alianza?
Rudia ukurasa wa tatu."

Baba aliuza mbuzi wawili, ada yangu ikatimia.
Ana mtoto wa jicho sasa, yote mawili;
uji humwagikia kifuani, nami humfuta.
"Ulinzi ameurithi kwangu," huwaambia wageni,
akielekeza kidole juu ya mlango,
pale ilipo fimbo ya mpingo,
ingawa siku hizi hukosea, huonyesha dirisha.

Taa ya sola inafifia.
Ukurasa wa tatu, mstari wa nane.
Nimefuta "wa-". Nimeandika "a-".
Kitenzi kimebaki kilekile.

Kutoka chumbani anauliza mbona silali.
"Zoezi, baba," namjibu.
"Nilikosea kiambishi."